Kuondoa ngozi iliyolegea baada ya kupungua sana: maandalizi, mirija na wiki sita za nyumbani

Aliyepungua kilo 40 au 60, iwe kwa chakula na mazoezi, kwa sindano au kwa upasuaji wa tumbo, mara nyingi hubaki na ngozi inayoning'inia chini ya kitovu, mikononi, mapajani na kifuani. Hakuna krimu wala mkanda utakaoirudisha. Nyuzi za elastini na kolajeni zilizovutwa miaka mingi zimekwisha nguvu kama lastiki ya sketi kuukuu. Mazoezi hujenga msuli ulio chini, ngozi yenyewe haijikazi. Dawa yake ni kisu, na mengi yanayoharibu kazi ya kisu hutokea miezi ya kabla au wiki za baada, nyumbani.

Lini uko tayari

Uzito uwe umetulia kwa angalau miezi sita. Mizani kucheza kilo mbili tatu si neno. Ikiwa bado inashuka, subiri. Waliokatwa tumbo ili wapungue kwa kawaida hungoja mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Ukiwahi, utapungua tena na ngozi italegea upya juu ya kovu jipya. BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ikiwa chini ya 30 kidonda hupona vizuri zaidi. Ikizidi 35, hatari ya mshono kufumuka, usaha na damu kuganda hupanda, na wapasuaji wengi watakutaka upungue kwanza. Mwanamke anayetaka watoto zaidi azae kwanza, maana mimba itavuta tena kilichokazwa.

Wakati unangoja, tunza mikunjo. Osha kwa sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha laza kipande cha kitambaa safi cha pamba kati ya ngozi na ngozi. Kukiwa na muwasho, harufu na ngozi iliyochubuka, mara nyingi ni fangasi: krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne. Usikubali kukatwa kukiwa na fangasi au kidonda kibichi hapo.

Damu na sahani

Omba kupimwa hemoglobini (wingi wa damu), akiba ya chuma, vitamini B12, albumini (protini ya damu), wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo, VVU na kundi la damu. Anayetumia ARV haziachi. Usisahau selimundu (sickle cell). Uganda takriban asilimia 13 ya watu wanabeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo na wengi hawajijui, wakati daktari wa usingizi anahitaji kujua ili akukinge na baridi, kiu na upungufu wa oksijeni kwenye meza ya upasuaji.

Waliokatwa tumbo ili wapungue mara nyingi huwa na upungufu wa chuma na B12 hata kama wanaonekana wazima, na chuma huchukua miezi kujaa. Anza vidonge mapema, miezi miwili mitatu kabla. Chai na kahawa huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo ziwe mbali na kidonge kwa saa moja au mbili.

Protini ndiyo inayofunga kidonda. Lenga gramu 60 hadi 100 kwa siku. Matoke, posho (ugali) na muhogo hushibisha lakini protini yake ni kidogo. Hesabu hivi: mayai mawili gramu 12, glasi mbili za maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi ya karanga 7, na gramu 30 za mukene (dagaa) mkavu angalau 15. Hapo umefika 65 bila kugusa nyama. Tumbo likiwa dogo, gawa milo mitano au sita na uanze na maharage au samaki kabla ya matoke. Tukilazimika kuchagua shauri moja la kusisitiza, ni hili la protini.

Sigara, shisha na tumbaku ya kutafuna ziachwe wiki nne hadi sita kabla na muda kama huo baada. Nikotini hubana mishipa midogo, na ukingo wa ngozi iliyovutwa ukikosa damu hugeuka mweusi na kufa. Mairungi (miraa) nayo hupandisha presha na kuvuruga dawa ya usingizi, kwa hiyo acha na umwambie daktari ukweli. Mtajie pia aspirini, ibuprofeni, vidonge vya uzazi wa mpango na mitishamba yote. Anayechoma sindano za kupunguza uzito aseme mapema, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu na kinaweza kuingia mapafuni akiwa amelala.

Nani akukate

Hakikisha jina la daktari na taaluma yake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Unatafuta mbobezi wa upasuaji rekebishi. Mwenye kliniki ya urembo si lazima awe huyo. Huduma hiyo ipo Kiruddu mjini Kampala, na CoRSU huko Kisubi, barabara ya Entebbe. Muulize: ni wangapi waliopungua sana umewahi kuwafanyia? Nani atanilaza usingizi? Damu itakuwepo? Nikivuja saa nane usiku nampigia nani? Bei inajumuisha siku za wodi, nguo ya kubana na kurudi mezani kama kuna tatizo? Anayekwepa swali la saa nane usiku, muage.

Kinachofanyika

Kuna kuondoa ngozi inayoning'inia tu, na kuna kurekebisha tumbo zima, ambako msuli ulioachana hushonwa na kitovu hutolewa kwenye tundu jipya. Ngozi ikiwa imelegea pia upande kwa upande, utapata pia kovu la wima katikati. Ikiwa imezunguka mgongo, hukatwa duara kama mkanda. Kovu la mkono hutoka kwapani hadi kiwikoni, la paja hukaa kwenye kinena na huweza kushuka hadi karibu na goti. Usiombe vyote siku moja. Kadiri unavyozidi saa sita mezani ndivyo damu kupotea na kuganda kunavyoongezeka. Anza na tumbo, ngoja miezi mitatu hadi sita, kisha mikono au matiti.

Daktari atakuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala ngozi huhama. Vaa chupi unayoizoea ili mstari uangukie ndani yake. Mistari ikishachorwa usiisugue wakati wa kuoga.

Mirija

Utaamka na mrija mmoja au zaidi inayoishia kwenye kibofu cha plastiki. Kazi yake ni kunyonya maji yanayojikusanya chini ya ngozi. Mfuko wa maji hayo ndio usumbufu wa kawaida kuliko wote. Saa moja asubuhi na saa moja jioni: nawa mikono, shika mrija karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike, na kwa mkono wa pili ukamue kuelekea kwenye kibofu kusukuma mabonge. Fungua kizibo, mimina kwenye kikombe chenye alama, soma mililita, andika. Kisha minya kibofu hadi kibonyee na ufunge kizibo kingali kimebonyea. Kikifungwa kimejaa hewa hakinyonyi kitu, na hili ndilo kosa tunaloliona sana nyumbani.

Rangi hutoka nyekundu, ikawa ya waridi, kisha manjano hafifu. Mrija hutolewa ukitoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, kwa kawaida siku mbili mfululizo. Damu nyekundu inayojaza kibofu ghafla, au tumbo linalovimba upande mmoja na kukaza, ni safari ya hospitali sasa hivi.

Wiki sita

Lala chali, kichwa juu na mto chini ya magoti. Godoro la chini halifai, tafuta kitanda kilichoinuka. Tembea ukiwa umeinama kidogo wiki ya kwanza, lakini tembea tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Anayetoka Arua au Kabale apange kulala karibu na hospitali wiki mbili. Safari ya basi ya saa nyingi umekaa ndiyo inayoalika damu kuganda.

Choo cha shimo ni shida halisi. Kuchuchumaa huvuta mshono wa tumbo, na kwa aliyekatwa mapaja ndiko kinena hufumuka. Toboa kiti cha mbao au nunua kiti cha choo kabla hujalazwa. Kula mapapai na kunywa maji mengi usije ukajikaza.

Usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, hata ile ya lita 10 imezidi. Mtoto naye asibebwe, aletewe ukiwa umekaa. Boda boda iache wiki zote sita. Nguo ya kubana huvaliwa mchana na usiku isipokuwa wakati wa kuoga. Nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Mshipi wa gomesi (vazi refu la wanawake wa Uganda) usifungwe juu ya kidonda.

Ngozi chini ya kitovu itakufa ganzi kwa miezi. Usiweke chupa ya maji moto hapo, utaungua bila kuhisi.

Homa usiidhanie kuwa malaria: pima, lakini kidonda nacho kikaguliwe siku hiyohiyo. Usaha, harufu, ukingo mweusi au mshono uliofunguka, rudi kwa daktari. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikata na kifua kuchoma, nenda idara ya dharura bila kungoja asubuhi.

Kovu

Likishafunga kabisa, bandika shiti ya silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Ngozi yetu nyeusi huota keloidi (kovu nene linalovimba na kupanda) kwa urahisi. Kama uliwahi kuota keloidi kwenye sikio au mahali pa chanjo, mwambie daktari kabla ya kukatwa. Kovu likianza kuwasha, kuwa gumu na kupanda, nenda mapema kuchomwa sindano ya triamsinoloni (dawa ya steroidi), likiwa bado dogo. Usikubali likatwe tu bila matibabu mengine, kwa sababu hurudi kubwa zaidi.