Unautamani uhadhiri wa rasilimali watu? Anza kuwinda mada ukiwa kazini

Wadogo zangu mlio kwenye ofisi za utumishi hapa Tanga, msisubiri kuanza shahada ya uzamili ndipo mtafute mada ya utafiti. "Athari za motisha kwa utendaji" ni pana mno, tena imechoka. Swali zuri ni dogo: kwa nini wakata mkonge wa shamba fulani huacha kazi kabla ya mwaka kuisha? Tangu enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa wakati wa ukoloni, mashamba haya yamehangaika kupata watu na kuwabakiza, na nyinyi mnaziona barua za kuacha kazi kila mwezi. Mhadhiri wa mbali hana bahati hiyo!

Someni pia utafiti-tendo, aliouasisi mwanasaikolojia Kurt Lewin miaka ya 1940: unachunguza tatizo, unajaribu badiliko, unapima, unarudia. Unamfaa sana mtu aliye ndani ya taasisi.

Ila kabla ya kutumia jalada la mtumishi yeyote kwa utafiti, pateni kibali cha mwajiri kwa maandishi, na majina yafichwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na nyinyi.