SOMO: Kufungua kesi ya madai, na karatasi iliyonikalia chini ya mizani

Mimi ni fundi wa kuchomelea, si wakili. Lakini tangu nimfuate mwenye ploti mmoja hapa Kisumu kortini mpaka akanilipa, haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni mwa karakana: "Fundi, huyu nimshtaki vipi?" Nimechoka kuzima mashine. Naandika mara moja tu.

1. Kudai si kushtaki. Mtu akikataa kukulipa pesa ya kazi, polisi watakurudisha: hiyo ni kesi ya madai. Anayefungua ni mdai, anayefunguliwa ni mdaiwa. Mshtakiwa ni wa jinai. Hapa unatafuta pesa yako, hutafuti mtu alale seli.

2. Hesabu muda. Mkataba, miaka 6. Ajali au mali kuharibiwa, miaka 3. Kuchafuliwa jina, miezi 12. Kudai ardhi, miaka 12. Ukiidai serikali muda ni mfupi zaidi: mkataba miaka 3, madhara mengine miezi 12.

3. Barua ya madai. Taja kiasi, mpe siku za kulipa, baki na nakala. Ukiiruka unaweza kushinda kesi na bado ukanyimwa gharama zako.

4. Chagua korti. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016 na ilianza kusikiliza kesi 2021. Si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Zaidi ya hapo nenda kwa mahakimu; hakimu mkuu anafika milioni 20. Hatua 5 hadi 7 nazieleza kwa utaratibu wa mahakimu, maana huko ndiko nilikopita.

5. Hati ya madai. Nani, lini, wapi, kiasi gani, unaomba nini. Iambatane na kiapo cha kuthibitisha kwamba uliyoyaandika ni kweli, orodha ya mashahidi, maelezo yao ya maandishi, na nakala za ushahidi. Kiapo usikitie saini nyumbani. Kinatiwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeruhusiwa kuapisha.

6. Samansi, yaani karatasi ya korti ya kumwita mdaiwa ajibu. Hapa ndipo nilipoungua. Ilikuwa kabla ya Madai Madogo kuanza. Nilikuwa namdai yule mwenye ploti salio la 186,000, mageti mawili na madirisha kumi na manne ya nyumba za kupangisha. Nikapewa samansi, muhuri bado unanuka wino. Nikajiuliza, kwa nini nimlipe mtu wa kupeleka na duka la huyu mzee naliona nikiwa kazini? Nikaenda mwenyewe, na ovaroli yangu. Hakuwepo. Nikamwachia msichana wa kaunta. Akaipokea vizuri tu, akaisukuma chini ya mizani ya sukari. Mimi nikaenda kuapa kwamba nimepeleka. Mdaiwa kimya, nikaomba hukumu ya upande mmoja, nikapata, nikanunulia watoto soda. Kumbe! Mara wakili wake huyo na ombi: mteja wake hajawahi kuiona samansi. Hukumu ikafutwa, tukaanza upya. Miezi minane ikaenda hivyo, na karatasi huenda iko chini ya ile mizani hadi leo.

Kwa hivyo:
– Usipeleke mwenyewe. Tumia mpeleka samansi mwenye leseni, kisha aape hati ya kiapo yenye siku, saa, mahali, na nani aliyemtambulisha kwamba huyo ndiye mdaiwa.
– Apokee mdaiwa mwenyewe, au wakala aliyepewa mamlaka ya kumpokelea. Asipopatikana, mtu mzima wa familia anayeishi naye. Mwuza duka si familia.
– Kampuni: mkurugenzi, katibu au ofisa mkuu. Soja wa getini hapana.
– Tangu 2020 kanuni zinaruhusu pia imeili na WhatsApp, kwa namba ambayo mdaiwa anaitumia kweli.
– Samansi inaisha nguvu baada ya miezi 12. Usiikalie.

7. Mdaiwa akileta hati ya kufika, yaani karatasi ya kuiambia korti kwamba ameitikia samansi, ana siku 14 kuanzia hapo za kuleta utetezi. Anaweza pia kuleta madai kinzani, yaani wewe ndiwe unayedaiwa. Usipige kelele, jibu kwa maandishi.

MASWALI

Dere wa Ahero: Fundi mimi kuna mtu amekula pesa yangu polisi wamenifukuza nifanyeje

Fundi: Hatua ya 1. Imeandikwa juu kabisa.

Mama Omena: Mwanangu, mteja wa Nakuru alichukua magunia ya omena ya 74,000. Tuliongea kwa simu tu, hatukuandikiana. Nina kesi? Na nisafiri mpaka Nakuru?

Fundi: Mama, unayo. Mkataba wa mdomo ni mkataba, kazi ni kuuthibitisha. Toa chapa ya meseji za M-Pesa na zile mlizoandikiana. Nani alipakia mzigo? Dereva wa lori aandike maelezo. Kuhusu mahali: unaweza kufungua anakofanyia biashara mdaiwa, au jambo lilipotokea. Kama magunia alikabidhiwa Kisumu, fungua Kisumu, yeye ndiye apande matatu.

Kijana Kondele: Si ungeweka tu fomu tujaze. Maneno mengi na wewe si wakili.

Fundi: Sentensi ya kwanza, omera. Fomu za Madai Madogo waulize kaunta ya korti.

Nyar Maseno: Na mdaiwa anayekimbia je? Wetu akiona mgeni anafunga geti na kuwafungulia mbwa.

Fundi: Swali zuri, dada. Mwambie mpeleka samansi aandike kila jaribio: tarehe, saa, alichokiona, hata hao mbwa. Ukiwa na hayo unaiomba korti ruhusa ya njia mbadala, kama kubandika mlangoni au kutangaza gazetini. Bila kumbukumbu za majaribio, ombi lako halina miguu.

Nyar Maseno: Na Kiswahili kinakubaliwa?

Fundi: Korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mahakama Kuu ni Kiingereza.

Muuza Mabati: Nyongeza. Risiti za mashine hufifia. Zitoleeni fotokopi mapema, yangu ilifika kwa hakimu ikiwa nyeupe pe.

Fundi: Kweli kabisa. Mimi siku hizi nina kitabu cha kaboni, na mteja anatia saini kabla geti halijapanda mkokoteni.

Mama Omena: Dereva amekubali, lakini anataka nauli.

Fundi: Nauli mpe, andika kwenye kitabu. Ukimpa zaidi, jiandae, wakili wa upande ule atamwuliza amelipwa ngapi.