Kubadilisha Fyuzi Iliyoungua Katika Gari la Umeme

Gari la umeme lina mifumo miwili ya umeme, na kabla hujashika chochote ni lazima ujue fyuzi iliyoungua ni ya mfumo upi. Wa kwanza ni wa volti 12, kama ule wa magari ya petroli, unaoendesha taa, wipa, honi na redio. Wa pili ni wa betri kubwa, ambao katika magari mengi una volti 400 hivi na katika mengine 800, na nyaya zake huwa na ganda la rangi ya chungwa ili mtu asizikosee.

Fyuzi za mfumo huo wa pili usiziguse. Mara nyingi huwa ndani ya kauri iliyojazwa mchanga wa kuzima cheche, kwa sababu umeme wa betri wenye volti nyingi kiasi hicho, ukishaanza kuruka kati ya ncha mbili, haukatiki kwa urahisi. Hata gari likizimwa, chaji huweza kubaki ndani ya vifaa kwa dakika kadhaa, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi aliyeisomea. Yanayofuata yanahusu volti 12 tu.

Chomoa kebo ya kuchajia, zima gari, kisha uweke ufunguo mbali. Waliozoea injini hujisahau hapa, kwani ukimya wa gari hili hauthibitishi kwamba limezimwa, na baadhi ya magari huichaji betri ndogo ya volti 12 yenyewe yakiwa yameegeshwa. Kitabu cha gari kikielekeza kuchomoa waya wa hasi wa betri hiyo, uchomoe, lakini kwanza acha mlango na boneti wazi, maana komeo za umeme zinaweza kukufungia nje.

Kisanduku cha fyuzi aghalabu huwa chini ya boneti au chini ya dashibodi, na mchoro wake huwa nyuma ya kifuniko au ndani ya kitabu. Ing'oe fyuzi kwa kibanio cha plastiki, ukiivuta wima bila kuipinda, kisha uitazame kwenye mwanga: utepe wa ndani ukiwa umekatika au plastiki imefanya weusi, imeungua. Ufa wakati mwingine ni mwembamba kama unywele, hivyo ni afadhali kupima kwa mita ya kupimia umeme kuliko kuamini macho.

Fyuzi mpya iwe na umbo lile lile na ampea zile zile. Kwa kawaida nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20 na kijani 30, ila namba iliyochapwa juu yake ndiyo ya kufuata. Ukiweka ya 30 mahali pa 10, waya mwembamba uliofichwa nyuma ya dashibodi ndio utakaoungua badala ya fyuzi; kuziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara ni vibaya zaidi.

Rudisha waya wa betri, washa gari, ujaribu kifaa husika. Fyuzi ikikatika papo hapo, kuna shoti. Ikikatika pale tu kifaa kinapofanya kazi, shuku kifaa chenyewe, kwa mfano mota ya wipa iliyokwama. Ikiwa ni ya soketi ya kuchajia simu, chungulia kwanza ndani yake, kwani sarafu iliyodondokea humo inatosha kuiunguza. Usipoona kitu, usiweke fyuzi ya tatu. Andika namba ya nafasi yake na umpelekee fundi.