Kuhifadhi kostiki soda iliyoyeyushwa

Watengenezaji wengi wa sabuni za miche hapa Arusha huyeyusha kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, mapema na kuiacha ipoe hadi kesho yake, na hapo ndipo chombo kinapokuwa na umuhimu kuliko hata vipimo. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kwa sababu kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Tumia ndoo au dumu la plastiki nene lenye alama ya HDPE (aina ya plastiki ngumu), lifunike, liandike kwa rangi isiyofutika, kisha lifungie mbali na asidi na mbali na watoto. Chupa ya maji ya kunywa isitumike hata kwa saa moja, maana myeyusho huu hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Wakati wa kuyeyusha, kostiki ndiyo inayomiminwa kidogo kidogo ndani ya maji baridi, kamwe si maji juu ya kostiki, kwani joto la ghafla huurusha myeyusho usoni. Miwani ya kukinga macho na glavu ndefu za mpira ni lazima. Ukikurukia, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupaka siki wala ndimu, na jicho likiguswa nenda hospitali baada ya kuosha.

Myeyusho wenye asilimia 50 ya kostiki huganda kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika baridi ya Julai usiuweke nje usiku.