Kubadilisha mitungi ya haloni ndani ya ndege: mtungi ni rahisi, breketi ndiyo kazi

Haloni ni kemikali ya kuzimia moto inayoharibu tabaka la ozoni. Hapa tunazungumzia mitungi ya mkono ya kuzimia moto tu, ile ya Haloni 1211 ya chumba cha marubani, jikoni na kabini. Haloni 1301 ya injini na sehemu ya mizigo ni kazi nyingine kabisa.

1. Jua sheria inayokubana. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inakataza haloni kwenye mitungi ya mkono ya ndege ambayo cheti chake cha kwanza cha ustahiki wa kuruka kilitolewa tarehe 31 Desemba 2018 au baadaye. Umoja wa Ulaya umebana zaidi: uliweka 31 Desemba 2025 kuwa mwisho wa mitungi hiyo hata kwenye ndege kuukuu.

2. Chagua kemikali. Chukua 2-BTP, kemikali mbadala ya haloni. HFC-236fa, mbadala mwingine, nayo inakubalika, lakini mtungi wake ni mzito, na gesi yenyewe hupasha dunia joto takribani mara 9,800 ya kaboni dioksidi. Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya Itifaki ya Montreal tayari yanaipunguza sokoni. Kwa nini ubadilishe mara mbili? Mtungi uwe na daraja lisilopungua 5-B:C, kipimo cha uwezo wake wa kuzima moto wa vimiminika na umeme.

3. Breketi, kishikio kinachofunga mtungi ukutani. Usitumie ya zamani. Hata kama mtungi mpya unaingia, hata kama kufuli inalia "ka". Breketi na mtungi huidhinishwa pamoja, na kwenye ndege kubwa za abiria lazima vihimili mara 9 ya uzito wake kuelekea mbele, mara 6 kwenda chini na mara 3 kwenda juu. Kilo moja ikiongezeka, ukuta unabeba nguvu ya kilo tisa zaidi wakati wa kishindo. Kwa hiyo swali halisi ni ukuta: paneli zenye kiini cha vijumba kama sega la nyuki hushika skrubu kupitia inseti, vipande vilivyopachikwa ndani yake, na inseti zilizokuwepo zilipigiwa hesabu ya mtungi mwepesi. Usitoboe tundu jipya hadi mchoro ulioidhinishwa ukuonyeshe mahali, aina ya inseti na torku.

Kabla ya kufunga chochote, weka mtungi mahali pake kwa majaribio tu na ukague haya: mlango wa kabati unafunga? Geji inasomeka bila kuutoa mtungi? Mkono unafika kwenye kufuli mtu akiwa amefunga mkanda wa kiti cha rubani? Mtungi mpya mara nyingi ni mnene au mrefu zaidi, na kichwa chake hugonga mlango. Hapo watu huzungusha breketi kidogo ili mlango ufunge. Usifanye hivyo: umebadilisha mwelekeo wa mzigo, na idhini imekufa.

4. Funga. Pini na waya wa lakiri viwepo. Pima mtungi kwenye mizani ulinganishe na lebo, kwa sababu geji husoma shinikizo la naitrojeni, haisemi kemikali imebaki kiasi gani. 2-BTP huchemka kwenye nyuzi 34 za Selsiasi, hivyo kwenye kabini ya kawaida ni kimiminika kinachosukumwa na naitrojeni hiyo. Soma pia kwenye lebo ujazo wa chini kabisa wa chumba ambamo mtungi huo unaruhusiwa. Chumba kidogo cha marubani ndicho hukwama hapa.

5. Karatasi. Uzito na mizania, mchoro wa vifaa vya dharura, mwongozo wa wahudumu.

6. Mitungi iliyotoka. Usiifyatue, hata kwa mafunzo. Ifunge pini, isafirishe kama UN1044, namba ya mizigo hatari ya mitungi ya kuzimia moto, uipeleke kwa wanaorejesha haloni.