Kupima diatomu mwili ukiopolewa ziwani: hatua kwa hatua

Mwili ukiopolewa Kibirizi, ufukwe wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, swali la polisi ni lilelile: alizama akiwa hai, au alitupwa majini ameshakufa? Diatomu husaidia kulijibu. Ni mwani wa chembe moja wenye gamba la silika, gumu kama kioo. Anayezama moyo wake bado unadunda, hivyo maji yakipenya mapafuni hadi kwenye damu, diatomu husukumwa mpaka kwenye ini, figo na uboho. Aliyekwisha kufa, maji humwingia mapafuni tu. Kwa hiyo diatomu za mapafuni peke yake hazinishawishi.

1. Anza na maji. Chota lita moja pale mwili ulipopatikana, na nyingine pale marehemu alipoonekana mara ya mwisho. Tia matone ya ayodini, andika saa na mahali. Usingoje wiki ijayo. Upepo ukigeuka, mwani nao hubadilika.

2. Fupa la paja. Litoe kabla hujafungua kifua, maana maji ya mapafu huchafua kila kitu. Litoe zima, ulikague: likiwa na ufa liache, ziwa limeshaingia. Lioshe kwa maji yaliyokenekwa, likaushe, kisha kata kidirisha kwa msumeno safi. Hapo badilisha glavu na kijiko, ndipo uchote uboho, kama gramu 50.

3. Asidi. Mimina asidi kali ya naitriki juu ya uboho, uache ulale. Kesho yake pasha polepole ndani ya kabati la kuvuta hewa. Uboho una mafuta, hivyo ukiharakisha moto utafurika kama maziwa jikoni, na ule moshi wa kahawia ni sumu. Nyama yote itayeyuka, magamba yatabaki. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili magamba yazame chini), mwaga maji ya juu, ongeza yaliyokenekwa, rudia mpaka asidi iishe.

Sambamba na hiyo, pitisha chupa isiyo na uboho kwenye hatua zilezile. Mwanzoni niliiona kama kupoteza asidi. Siku moja chupa hiyo tupu ikanionyesha diatomu tatu. Nilikuwa nimesuuza vyombo kwa maji ya bomba, na maji ya bomba ya Kigoma mjini yanatoka Tanganyika hiyohiyo! Kazi ya siku mbili nikaimwaga.

4. Hadubini. Weka mashapo yaliyobaki kwenye slaidi, yaani kipande cha kioo, uisome kwa ukuzaji wa mara 400. Usihesabu tu, tambua aina: Nitzschia nyembamba kama sindano, Surirella pana kama jani. Za kwenye uboho zifanane na za kwenye maji uliyochota. Diatomu moja pweke si ushahidi.

5. Ripoti. Andika "matokeo yanaafikiana na kuzama", kisha uyasome pamoja na povu la njia ya hewa, hali ya mapafu na majeraha. Usipoona diatomu, usiandike kwamba hakuzama. Wapo waliozama kweli na uboho wao usionyeshe diatomu hata moja. Slaidi na uboho uliobaki vifungie kabatini kwa lakiri, maana wakili wa utetezi anaweza kuomba vipimwe upya.