Namna makumbusho ya jamii yanavyoweza kulinda urithi ulio hai

Ukisimamia makumbusho ya jamii nchini Uganda, orodhesha watu kabla ya kununua kabati la vioo. Kwa kila kifaa kilichoko ghalani, andika ni nani katika eneo lako bado anajua kukitengeneza, kukitumia na kueleza miiko yake, na ni nani anayejifunza kwake. Pale usipopata jina la mwanafunzi, hapo ndipo pa kuanzia.

Bigwala ya Busoga inaeleza sababu. Ni muziki wa tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo haupatikani mpaka wapigaji wapokezane. UNESCO ilipoiingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne. Tarumbeta moja iliyotundikwa ukutani haimfundishi mtu kupokezana. Kwa hiyo tafuta mbegu za vibuyu virefu, umpe mkulima azipande, kisha uwakutanishe wazee na vijana kwa ratiba inayojulikana, na nauli ya wazee iwe kwenye bajeti yako tangu mwanzo.

Kwa vitambaa vya magome, tenga uwanja. Gome la ndani la mti uitwao mutuba huvunwa wakati wa mvua, nalo hupondwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali hadi lilainike na kuwa na rangi ya udongo mwekundu. Kazi hiyo hufanyika chini ya kibanda kilicho wazi, ili gome lisikauke upesi. Jenga basi kibanda cha namna hiyo nyuma ya jengo, panda mituba kando yake, na umwalike fundi afundishe hapo kwa malipo. Nasisitiza malipo, kwa kuwa fundi anayeitwa kila mara kuonyesha kazi bure huishia kuiacha.

Si kila urithi unafaa kuonyeshwa. Empaako, majina ya heshima ya Batooro, Banyoro na jamii jirani, hutolewa nyumbani mbele ya ukoo. Makumbusho yanaweza kuwaandalia vijana mazungumzo na wazee, lakini sherehe yenyewe ibaki kwa wenyewe.

Kabla ya kurekodi, omba ridhaa kwa lugha ya mhusika, na umuulize ni sehemu gani zisisikike hadharani. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa nchi nzima kuanzia miaka ya 1940, lakini ilipita miongo mingi kabla nakala za sauti hizo hazijafika Chuo Kikuu cha Makerere. Wewe acha nakala kijijini wiki ileile, katika kadi ya kumbukumbu ya simu, ikiwa na majina ya wapigaji, mahali na tarehe.